Nani Mwenye Haki ya Kufunga Mlango? Habari ya sheria za majimbo ya Marekani juu ya wageni wasio na karatasi

(Maneno haya yalisemwa na karani wa mgodi mbele ya wanachama na wafanyakazi wa Likasi. Tunayachapa jinsi alivyoyasema, tumeacha salamu tu.)

Bwana Prezida, wazee wetu, mama zetu, wandugu wapenzi wa kazi,

Katika mkutano uliopita wa seksio ndugu mmoja alisimama akasema hivi: Jimbo letu litunge sheria yake lenyewe. Kila mtu aonyeshe karatasi ya asili yake kabla ya kuandikwa kazini, na asiye nayo arudi kwao. Watu wengi walipiga makofi. Mikono yangu mimi pia iliinuka, kisha nikaishusha. Sababu yake nitawaambia mbele. Ndugu huyo akaongeza: Hata kule Marekani majimbo yanafanya vile. Hapo katibu akanigeukia, akasema, karani, wewe ndiye msomaji wa magazeti, tuletee habari hiyo. Basi nimeileta.

Sikilizeni. Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, baraza lake la kutunga sheria na tribinali zake. Juu yao iko serikali kuu ya Washington. Kwa desturi yao ya siku nyingi, neno la nani aingie nchini na nani afukuzwe ni la serikali kuu. Lakini mpaka hauko Washington. Mpaka uko Texas, uko Arizona, uko California. Ugomvi wote ninaotaka kuwaeleza unatoka hapo: mwenye ufunguo anakaa mbali, na anayelala karibu na mlango hana ufunguo.

Nianze na Arizona, kwa maana Arizona ni ndugu yetu wa shaba. Hakuna jimbo la Marekani linalotoa shaba nyingi kuliko hilo. Kompanyi ya Freeport-McMoRan, ambayo Tenke-Fungurume ilikuwa mikononi mwake mpaka ilipouza sehemu yake kwa Wachina wa China Molybdenum mwaka 2016, ofisi yake kubwa iko Phoenix, mji mkuu wa Arizona. Kwa hiyo mabwana waliokuwa wakihesabu tani za shaba ya Tenke walikaa katika mji uleule uliokuwa ukigombana juu ya sheria hii. Dunia si kubwa sana, wandugu.

Kusini yote ya Arizona ilikuwa nchi ya Mexico mpaka Marekani ilipoinunua kwa mkataba wa mwaka 1853. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama. Baadaye, wakati wa vita kubwa, Marekani ilikosa mikono ya kuvuna, na mwaka 1942 ikafanya mapatano na Mexico ili kuleta watu wa kazi kwa kontra. Mapatano yale yalidumu mpaka mwaka 1964, na kontra zilizoandikwa zilipita milioni nne. Jambo hili halihitaji maelezo mengi kwa watu wa hapa. Union Minière nayo ilituma watu wake Kasai, Rwanda na Urundi, na Rhodesia ya Kaskazini kutafuta mikono. Ni nani kati yetu ambaye babu yake aliota katika kambi hii kama uyoga?

Mwaka 1964 kontra zilifungwa, lakini kazi haikufungwa. Mashamba yalikuwa yaleyale, majiko ya hoteli yaleyale, na mabwana walewale wakitaka mikono. Watu wakaendelea kuja, ila sasa bila karatasi. Kufika mwaka 2010 wenye kuhesabu walisema wako karibu milioni 11 katika nchi nzima.

Watu wa Arizona walikasirika, na hasira yao haikuwa bure kabisa. Walisema: Washington imelala, na sisi tunalipa shule na hospitali. Wapitishaji wa madawa ya kulevya wanavuka usiku katika mashamba yetu. Mwezi wa tatu mwaka 2010 mfugaji mmoja aliuawa kwa risasi katika shamba lake karibu na mpaka. Mwuaji hakukamatwa, lakini wengi walisadiki kwamba alitoka ng'ambo. Na wafanyakazi wengine walisema: bwana anamchukua asiye na karatasi kwa sababu huyo hawezi kudai kitu, na mshahara wangu unashuka. Neno hili la mwisho tusilicheke. Nitalirudia.

Tarehe 23 Aprili 2010 gavana Jan Brewer alitia sahihi sheria iliyoitwa SB 1070. Mwenye kuisukuma barazani alikuwa senata Russell Pearce. Sheria ilisema nini? Ilisema polisi wa jimbo akimsimamisha mtu kwa kosa lolote, hata la motokari, naye akiwa na shaka yenye sababu kwamba mtu huyo hana ruhusa ya kukaa nchini, ni lazima aulize habari ya karatasi zake. Ilisema mgeni asiyechukua karatasi zake mwilini ana kosa mbele ya jimbo. Ilisema asiye na ruhusa akitafuta kazi, kutafuta tu, aweza kufungwa miezi sita. Na ilimpa polisi nguvu ya kumkamata mtu bila amri ya juji, akidhani amefanya kosa la kumfukuzisha.

Shaka yenye sababu! Waliotunga waliandika kwamba rangi ya mtu isiwe sababu. Lakini katika jimbo ambalo watu wengi sana ni wa uzao wa Mexico, wengine wamezaliwa pale tangu kabla ya mpaka, polisi atatazama nini? Atatazama viatu? Wazee wetu wachache waliobaki wanaijua hadithi hii bila kusoma gazeti. Wakati wa Bula Matari mtu mweusi hakuweza kuhama wilaya yake bila pasi, na usiku hakuweza kutembea katika mji wa Wazungu. Alisimamishwa njiani: Buku yako iko wapi? Hakuna aliyemwuliza Mzungu buku yake.

Serikali ya prezida Obama ilipeleka Arizona mbele ya tribinali mwezi wa saba. Tarehe 28 Julai, siku moja kabla sheria haijaanza, juji Susan Bolton alizuia sehemu zake kali. Arizona ikapanda mpaka Tribinali Kuu. Hukumu ilitoka tarehe 25 Juni 2012, majuji watano kwa watatu, na juji Kennedy ndiye aliyeiandika. Walifuta mambo matatu: kosa la kutochukua karatasi, kosa la kutafuta kazi, na ukamataji bila amri. Lakini waliacha lile la polisi kuuliza karatasi. Juji Scalia hakukubali. Alisema jimbo ambalo haliwezi kumkataza mtu asiingie si jimbo lenye enzi. Mnaona kwamba ndugu yetu wa mkutano uliopita hayuko peke yake. Hata majuji wakubwa wamesema kama yeye. Ila walioshinda walikuwa wengine.

Sasa wandugu wa sendika, fungueni masikio. Kwa nini majuji walifuta lile kosa la kutafuta kazi? Walisema: mwaka 1986 baraza kuu la Marekani lilitunga sheria juu ya neno hilihili, likafikiri sana, likachagua kumwadhibu bwana anayeajiri bila karatasi, wala si kumtia mfanyakazi gerezani kwa kuomba kazi. Jimbo haliwezi kugeuza adhabu hiyo na kuiweka juu ya kichwa cha mfanyakazi. Tena Arizona yenyewe, mwaka 2007, ilikuwa imetunga sheria nyingine ya kumnyang'anya bwana ruhusa ya biashara akiajiri watu wasio na karatasi kwa kujua. Mabwana ndio waliokimbilia tribinali kuipinga! Mwaka 2011 Tribinali Kuu ikasema sheria ile ni halali. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu ofisini. Walipotishwa wafanyakazi, sheria ni ya kulinda taifa. Walipotishwa mabwana, sheria ni ya kuua biashara.

Majimbo mengine yaliifuata Arizona: Georgia, Alabama, South Carolina, Indiana, Utah. Nitasema juu ya mawili tu.

Georgia mwaka 2011 watu wa kuvuna wakaogopa, wakaondoka, na wenye mashamba wakalia. Gavana akatoa shauri kwamba watu waliohukumiwa wanaotumikia adhabu nje ya gereza wapelekwe kuvuna. Wengi wao hawakumaliza hata siku.

Alabama sheria yake ilikuwa kali kupita ya Arizona. Gavana aliitia sahihi mwezi wa sita mwaka 2011. Iliagiza shule ziulize karatasi za watoto wanaoandikwa. Mwaka 1982 Tribinali Kuu ilikuwa imekwisha kusema, katika shauri lililotoka Texas, kwamba mtoto hawezi kukatazwa shule kwa sababu ya karatasi za wazazi wake. Alabama ikasema, hatukatazi, tunahesabu tu. Mimi ni karani, wandugu, nalijua neno "tunahesabu tu". Juji alipoiacha sehemu hiyo ianze, mwisho wa mwezi wa tisa, Jumatatu iliyofuata watoto zaidi ya 2,000 wa watu wa lugha ya Kispania hawakuonekana shuleni. Hakuna aliyewafukuza. Wazazi waliogopa hesabu.

Na mwezi wa kumi na moja polisi wa mji wa Tuscaloosa walisimamisha motokari, wakamkuta mwenye kuendesha hana karatasi zinazotakiwa, wakamkamata kama sheria mpya ilivyoagiza. Kumbe ni mkubwa mmoja wa kompanyi ya Mercedes-Benz, Mjerumani aliyekuja kutazama kiwanda kinacholisha jimbo lile! Aliachwa baada ya kuletewa karatasi zake. Siku hiyo wakubwa wa Alabama walitambua kwamba neno "mgeni" ni kubwa kuliko walivyofikiri. Mwaka 2013 jimbo lilikubali kwa mapatano kuacha sehemu kubwa za sheria hiyo. Ingekuwa ni mvuna nyanya aliyekamatwa siku ile, nani angesikia?

Siasa nayo ilikuwa na hesabu yake. Senata Pearce aliitwa tena mbele ya wachaguzi kabla ya muda wake, mwezi wa kumi na moja mwaka 2011, akashindwa na mtu wa chama chake mwenyewe. California mwaka 1994 watu karibu 59 kwa mia walipiga kura kuwanyima wasio na karatasi shule na dawa. Juji akaizuia, haikutumika kamwe, na chama cha gavana aliyeishika kikapoteza nguvu katika jimbo lile kwa miaka mingi. Lakini nisiwadanganye kwamba upepo umegeuka mahali pote. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2023 gavana Greg Abbott wa Texas alitia sahihi sheria inayofanya kuvuka mpaka bila ruhusa kuwa kosa la jimbo, na juji wa jimbo kuweza kumwamuru mtu arudi Mexico. Tarehe 19 Machi 2024 sheria ile iliishi saa chache tu, kisha tribinali ikaifunga tena usiku uleule, na mashauri yakaendelea. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo wachaguzi wa Arizona wakakubali kwa wingi sheria ya namna hiyohiyo. Upande wa pili, California mwaka 2017 ilikataza polisi wake kufanya kazi ya kusaka wageni kwa ajili ya Washington, isipokuwa kwa makosa yaliyotajwa. Jimbo moja linavuta kamba huku, jingine kule, na mtu yuleyule akivuka daraja anakuwa mtu mwingine.

Sasa nataka kuwarudisha nyuma, mahali ambapo gazeti halikunipeleka; nilifika mwenyewe nikitafuta habari za shaba ya Arizona. Kuna mji wa mgodi unaoitwa Bisbee, karibu kabisa na mpaka wa Mexico. Mwaka 1917, wakati wa vita, wachimbaji wa shaba wa Bisbee waligoma. Walitaka usalama shimoni, na mshahara uwe sawa bila ubaguzi kati ya Wamexico na wengine. Kompanyi kubwa pale ilikuwa Phelps Dodge, ileile iliyokuja kununuliwa na Freeport mwaka 2007. Alfajiri ya tarehe 12 Julai mkubwa wa polisi wa wilaya, Harry Wheeler, alitoka na watu karibu 2,000 wenye bunduki, kila mmoja amefunga kitambaa cheupe mkononi. Waliingia nyumba kwa nyumba. Waliwakusanya watu kama 1,200, wakawapakia katika mabehewa 23 ya ng'ombe, yenye samadi chini, wakawapeleka katika jangwa la jimbo la New Mexico, wakawaacha huko bila nyumba wala chakula.

Wengi wao walikuwa wageni, Wamexico na watu wa Ulaya. Lakini wengine walikuwa Wamarekani wa kuzaliwa, wenye nyumba zao Bisbee, wake zao na watoto wamebaki wakilia. Mkubwa yule akaweka walinzi njia zote za mji. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyeingia Bisbee bila pasi iliyotoka mkononi mwake. Wandugu, pasi ya kuingia mji wako mwenyewe, katika nchi ya uhuru!

Prezida Wilson alituma watu kuchunguza; wakasema jambo lile halikuwa halali hata kidogo. Wakubwa wakashitakiwa. Mwaka 1920 Tribinali Kuu ikajibu: Kulinda mtu asifukuzwe mjini kwake ni kazi ya jimbo, si kazi ya serikali kuu. Na jimbo ndilo lililolala! Hakuna aliyefungwa hata mmoja. Kwa hiyo wanaposema leo kwamba jimbo liko karibu na watu na linajua shida zao, mimi nakumbuka kwamba siku ile jimbo lilikuwa karibu sana na kompanyi.

Nimefika kwetu. Mwaka 1992 mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mama yangu ndiye aliyeniambia. Hapa Likasi, watu wa Kasai, waliozaliwa hapa na babu zao kuzikwa hapa, walitolewa nyumbani. Maelfu walilala stesheni na katika shule, wiki kwa wiki, wakingojea gari la moshi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Wengi walikufa, stesheni na njiani, watoto kwanza. Hawakuwa wageni wa nchi. Walikuwa watu wa nchi moja nasi, wa jimbo jingine tu. Baba yangu alikuwa na mwenzake wa zamu, fundi wa mashine, wa Kasai. Siku ya kuondoka alimwachia baba sanduku lake la vyombo, akasema, nitarudi kulichukua. Sanduku hilo liko kwetu mpaka leo. Baba hakuruhusu mtu atumie spana hata moja.

Na sisi tuliobaki tulipata nini? Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufika tani 50,000. Sisemi kwamba kufukuzwa kwa watu ndiko kulikoua Gécamines. Kamoto ilikuwa imeporomoka mwaka 1990, mashine zilichakaa, fedha ilikuwa imeliwa Kinshasa. Lakini tulikuwa tumeahidiwa kwamba wakiondoka tutapata vyeo vyao. Tulipata vyeo katika kompanyi isiyolipa mshahara.

Sasa niwaambie kwa nini nilishusha mikono. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne. Likasi ni Haut-Katanga. Kolwezi ni Lualaba. Baba yangu alizaliwa Kamina, na Kamina ni Haut-Lomami. Kwa maneno ya shauri lile, mimi niliyezaliwa hapa, ambaye kitovu changu kimezikwa katika lupango ya hapa, asili yangu si ya jimbo hili. Nitazameni vizuri. Mgeni ndiye anayewahubiri. Na wewe ndugu wa Kolwezi uliyeoa hapa, na wewe mama wa Manono unayeuza samaki sokoni, nanyi simameni pamoja nami.

Tena nina neno la kuungama. Kazini, mkubwa mmoja aliniletea karatasi ya majina akaniambia niongeze mstari mmoja: "asili". Nikauliza kwa nini. Akasema, tunahesabu tu. Nilijaza. Nilikuwa na watoto wa kulisha, nikajaza majina yote, kwa mwandiko mzuri wa masista. Miezi miwili baadaye kontra za watu wengine hazikufanywa upya, na mimi, niliyeiona karatasi, nilijua ni za akina nani. Hakuna aliyeniuliza. Ninawaambia leo kwa mara ya kwanza.

Mtaniuliza: Basi wewe karani unataka mlango uwe wazi kwa kila mtu? Hapana. Nchi ina mpaka, na mpaka una mlinzi wake, naye ni serikali ya nchi nzima. Akilala tumwamshe kwa kelele, kwa kura, kwa gazeti hili. Najua pia kwamba watu waliokimbia vita vya Kasai tangu mwaka 2016 ni wengi, wana njaa, na wanakubali mshahara ambao sisi tunaukataa. Lile neno la mshahara ni kweli tupu. Lakini nani anawapa mshahara huo? Ni wale wanaopangisha watu kwa makompanyi, wanaowaandika kwa miezi mitatu mitatu bila hospitali. Mwenye njaa hakujipangia bei.

Kwa hiyo naomba shauri lililo mezani libadilishwe. Yale maneno "karatasi ya asili" yafutwe. Mahali pake tuandike: kwamba kila mtu anayeshuka shimoni awe na kontra iliyoandikwa, kwa mshahara uleule wa kazi ileile, atokako kokote; kwamba anayepangisha watu bila kontra anyang'anywe ruhusa, kama Arizona ilivyofanya mwaka 2007; na kwamba hakuna karani atakayeandika asili ya mtu katika orodha ya kazi. La mwisho ni kwa ajili yangu mwenyewe, nakiri.

Ndugu aliyeleta shauri la kwanza yuko hapa, namwona mstari wa pili, na uso wake haujakubali. Bwana Prezida, naomba apewe neno kwanza, kabla ya maulizo.